Saa Menoni

Masikio ya fundi yalishastaafu, mwenyewe bado, kwa hiyo saa huzisikiliza kwa meno. Hung'ata kasha, hufumba macho kama mtu anayeonja chumvi mchuzini, kisha husonya. Saa hii ya dashibodi, iliyong'olewa kwenye gari la kale, ilikuwa imemsonyesha tangu asubuhi.

"Baba, hiyo ikikushinda tunafunga karakana. Tulikubaliana!" binti yake alimpigia kelele sikioni.

Fundi akakata kipande cha karatasi, akakipitisha polepole ndani ya saa, pale vyuma viwili vinapokutana kupitisha umeme. Kikatoka cheusi tii. Akaunga waya za betri, akang'ata tena. Safari hii hakusonya.

"Baba, inatembea!" binti akapayuka, akimtikisa bega.

"Hebu nyamaza," fundi akasema, saa ingali menoni. "Nasikiliza."