Sauti ya Kwetu

Nilijifunza kusikiliza habari nikiwa nimekaa juu ya jamvi, mikono ikinuka karafuu. Tulikuwa tukiishi kijiji kimoja nyuma ya Konde, mimi na bibi yangu aliyenilea, na msimu ukiwa mzuri wanawake wa mtaa walikuja uwanjani kwetu kila alasiri kuchambua. Karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Katikati ya jamvi palikaa redio ya marehemu babu, na betri zake bibi alikuwa amezianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

Taarifa ya habari ikianza, mikono yote ilisimama. Ikisha, bibi aliuliza, "Haya, kasemaje?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila mmoja alieleza alivyosikia yeye, na hapakuwa na wawili waliosikia sawasawa. Mtangazaji alizungumza Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo walilazimika kukitia katika maneno yetu, kama mtu anayepasua nazi kabla ya kuikuna. Shangazi na jirani yetu mmoja walikuwa vyama mbalimbali na hawakufichana. Waliambizana maneno makali, wakapigana vijembe, na bado pakacha lilikuwa moja, walitia mikono pamoja. Aliyeleta habari ya mtaani alibanwa: nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani? Akishindwa kujibu, walimcheka mpaka akabadili mazungumzo.

Mimi sikusema kitu. Nilikuwa mtoto wa haya, na mpaka leo nikiwa ukubwani niko hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la saba, na hata barua huandika polepole, neno kwa neno. Lakini kusikiliza nilikujua. Nayapenda mno yale majira kila nikiyakumbuka.

Nyumba ilipoanza kuegemea upande, tulihamia Vitongoji kwa shangazi, aliyekuwa ametangulia kuhamia huko. Huko hakuna mikarafuu mingi kama ya Konde, na jamvi lilikunjwa. Shangazi alininunulia simu. Nikatiwa katika kundi la mtaa, na habari zikawa zinaingia kila saa: mikutano ya hadhara, vipande vya hotuba, picha za watu wenye fulana za chama. Kila mtu ukumbini alisikiliza lake, simu sikioni, akitabasamu au akikunja uso peke yake. Shangazi alikuwa katika kundi la chama chake, na nilianza kuona kuwa hajui kabisa wa upande wa pili wanasema nini. Zamani alijua, kwa sababu jirani alimwambia usoni.

Mwaka huo wa uchaguzi, waandikishaji wa wapiga kura walikuja skuli ya kwetu kwa siku tatu. Bibi alilitaka jambo hilo kuliko tunavyotaka sisi vijana. Hakuwahi kukosa kupiga kura tangu awe mtu mzima, ila jina lake lilikuwa limebaki kule Konde, na miguu yake haikuweza tena safari ya huko. Lazima alihamishe. Jirani yetu mpya, mwanamke wa makamo ya bibi, naye alitaka kwenda kwa sababu kadi yake ilipotea. Walikuwa wameahidiana kwenda pamoja.

Asubuhi ya siku ya kwanza uliingia ujumbe wa sauti. Alikuwa mwanamume, akizungumza Kipemba kitupu, kile cha kaskazini, kwa utulivu wa mtu aliyekaa barazani. Aliamkia kama tunavyoamkia sisi, akawaombea dua wagonjwa, kisha akasema: "Wazee wetu, msihangaike na foleni. Kaeni majumbani, mtafuatwa."

Nilimsikilizisha bibi. Bibi akafumba macho, akacheka kwa furaha.

"Huyu wa kwetu huyu," alisema. "Msikie anavyovuta maneno. Wa Msuka, kama si Msuka basi Konde."

Hakuuliza nani kamwambia. Redio ilizungumza kama ofisi, ndiyo maana waliihoji. Sauti hii ilizungumza kama kaka yake. Nami sikuuliza. Nikaenda nyumba ya pili nikamsikilizisha jirani, naye akafurahi vilevile.

Siku mbili bibi alikaa akingoja. Alivaa kanga mpya, akafagia ukumbi, akaweka chai kwenye chupa kwa ajili ya wageni. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, uso wake ulianza kubadilika. Aliniambia niende nikawaulize.

Skulini nilisimama kando mpaka karani mmoja kijana akaniona. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba bibi yangu anawangoja nyumbani. Hakucheka.

"Hatwendi nyumbani kwa mtu, dada," alisema. "Aje mwenyewe. Saa kumi tunafunga."

Ilikuwa saa tisa imepita. Nilirudi mbio nikamweleza bibi. Akaishika fimbo yake.

"Na mwenzangu?"

Jirani alikuwa amekwenda pwani kwenye shamba lake la mwani, maji yalikuwa yamekupwa. Nilimwambia bibi kwamba nikimfuata huko, nani atamshika mkono yeye?

"Njia ya skuli naijua. Nenda kamwambie. Weye ndiye uliyemwambia asende."

Nikashuka pwani. Wanawake walikuwa mbali, wameinama kwenye kamba zao za mwani, na kutoka ufukweni sikuweza kumtambua ni yupi. Ilinibidi nipige kelele. Nilimwita kwa ukelele ambao sikuwahi kuutoa, wote wakainua vichwa, na nikalazimika kusema mbele yao wote kwamba habari niliyoileta ilikuwa ya uongo. Sijui mpaka leo ni nani aliyeisema, wala alitaka nini. Huenda naye aliambiwa tu.

 Jirani aliacha kiroba chake kwa mwenzake akatangulia, kanga imelowa mpaka magotini, na njia nzima hakunitazama.

Tulipofika, mlango wa darasa ulikuwa umerudishwa nusu na meza moja ishakunjwa. Bibi alikuwa kwenye kiti mbele ya karani, fimbo mapajani, akitaja jina lake. Alikuwa ameshalitaja lake, la baba, la babu na la baba wa babu, na alikuwa akieleza kwamba huyo wa tano ndiye aliyekuja kutoka upande wa Micheweni, kwa hiyo kijana aandike vizuri.

"Bibi, majina matatu yanatosha," karani alisema. Nadhani alikuwa amesema hivyo mara nyingi.

Bibi akageuka, akatuona mlangoni.

"Basi andika hayo matatu," alisema. "Na huyu mwenzangu ndiye anayenifuata."

Jirani aliketi kupigwa picha huku maji ya bahari yakimdondoka sakafuni. Karani aliyatazama yale maji, akatazama saa, kisha akamwambia ainue uso kidogo.