Nilivyomharibia Rehema saa yake ya darubini

Niko nje ya nyumba, bado nimekaa ndani ya gari. Naona aibu kuingia.

Leo tulitoka Alexandria, hii ya Marekani, alfajiri kumsindikiza Rehema, mtoto wa dada yangu, kwenye kituo cha darubini ya redio kule milimani. Amesubiri mwaka mzima apewe saa moja ya kuitumia.

Darubini ile inasikiliza nyota. Kifaa chochote kinachorusha mawimbi karibu yake kinazifunika.

Mimi, msomi wa YouTube, nikajipa ukaguzi. Nikazima simu za wote. Mama Neema, jirani yetu Mkongomani, nikamvua hadi saa ya mkononi.

"Kaka, hii ni ya betri tu."

"Sheria ni sheria, mama."

Rehema akaanza kazi. Haikuchukua muda, akatujia mlinzi na antena mkononi, anatafuta kinachomharibia Rehema.

Nikamtazama Mama Neema. Ndiyo, nilimtazama.

Antena ikampita, ikaja kusimama kwangu.

Ni pete yangu ya tasbihi, ile inayounganishwa na simu na kutetemeka sala ikifika. Muda wote ilikuwa inaitafuta simu niliyoizima mwenyewe.

Data imechafuka. Rehema kasema tu, "Haina neno, mjomba."

Njiani Mama Neema akaniuliza, "Kaka, mukono ingine haina kitu?"

Gari zima likacheka. Rehema alikuwa anatazama dirishani.

Sasa nyie wajuzi, niambieni: nikishaingia ndani, naanzaje na Rehema?