Jina Lililobaki kwa Kompyuta ya Mbula

Ukifiwa Migwani, utapita kwa Mbula utake usitake. Yeye ndiye huchapa programu za mazishi, vile vijitabu vya historia ya marehemu, mwaka wa kumi na saba huu, na mdomo wake hauna breki. Kompyuta yake aliinunua ikiwa kuukuu, na siku ya kwanza alipoandika jina lake mwenyewe, mashine ikalipigia mstari mwekundu chini. Wee! Alifoka hadi kwa jirani wakasikia. "Yaani mimi Mbula ni makosa?"

Fundi akamweleza kwamba ndani ya mashine kuna faili ya maneno, orodha tu, neno moja kila mstari, na lisilokuwemo huhesabiwa kosa. Lakini mwenye mashine anaweza kuongeza yake. Basi Mbula akaongeza. Kila marehemu aliyemchapa, na watoto wake, na wajukuu, aliwaingiza wote, hata majina yakapita elfu tatu. Hakuna Mkamba ataitwa makosa kwa duka langu, alikuwa akisema.

Alhamisi moja akaingia mwanamke wa makamo, amevaa buibui, ametoka mji wa Mwingi. Aliitwa Tumu. Alionyeshwa kiti, akakataa kukaa.

"Mama, wewe ndiye ulichapa ya Mzee Ndululu, yule mzee wa kanisa?"

"Nachapa ya kila mtu, mami. Kuna nini?"

"Alikuwa baba yangu. Mamangu aliuza chai Mwingi, na hawakuoana. Kabla afe, baba alinipigia simu akasema ameniandika kwa historia yake, nitasomwa mbele ya watu. Nikaenda mazishini. Wakasoma watoto sita. Mimi sikusomwa. Shamba sitaki. Nataka tu kujua kama alinidanganya."

Mbula alifungua programu ya mzee. Kweli, watoto sita, Mulwa wa kwanza. Kwa miaka yote hiyo, mazishi mangapi, angemkumbuka nani? Alitaka kusema yaliyopita si ndwele, mtu aende zake. Kisha akawaza ile orodha yake. Akaifungua, akateremka polepole mpaka herufi ya T.

Tumu. Lilikuwepo.

Jina la Kiislamu, kwenye orodha ya Mbula. Waislamu huzika upesi, hawachapishi programu; hajawahi kumchapia hata mmoja. Jina hilo liliingiaje, kama si mzee mwenyewe aliyelitaja?

Hapo ndipo alipokumbuka, na aibu ikamshika. Mzee Ndululu alikuja na mkongojo wake miezi miwili kabla ya kufa, akakaa kwenye kiti kile kile, akamtajia watoto wake mmoja mmoja. Alipofariki, Mulwa alikuja na nduguze, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta: "Huyu futa." Naye Mbula, mwenye mdomo wa kutisha soko zima, siku hiyo hakuuliza hata swali moja. Akafuta kwenye programu; kwenye orodha jina likabaki.

"Njoo uone," alisema. "Babako hakukudanganya. Alikutaja. Mimi ndiye niliyekufuta, kwa mkono huu. Nisamehe, mwanangu."

Tumu aliinama mbele ya kioo, ameishika meza, machozi yakimtoka bila kelele. Akauliza, "Aliniweka mwisho?"

"Mwisho gani! Ungekuwa mwisho ningefuta mstari mmoja niende nyumbani. Nakumbuka nilivyonung'unika. Nilipokutoa, nilibadilisha nambari za wote, wa pili awe wa kwanza, wa tatu awe wa pili, mpaka chini. Babako alisema, anza na huyu."

Sasa Tumu akakaa. Mbula akairudia programu, akamshusha Mulwa mstari mmoja. Akija kupiga kelele na aje, mdomo upo. Pale juu akaandika: 1. Tumu Ndululu.

Wote wawili wakatazama kioo wakingoja. Hakukutokea mstari mwekundu.