Tulipomngoja Jogoo Apande

Jumamosi iliyopita nilipeleka mapazia Nyamira kwa mteja asiyejua kusubiri, na wakati wa kurudi jioni nikamwambia mwenye bodaboda anishushe mbele ya lango la buluu. Aliniuliza kama nataka saruji, kwa sababu siku hizi ndani yake wanauza saruji na mabati. Nikamwambia hapana, nataka kusimama tu. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa, akachukua nauli yake na kuondoka.

Zamani hapo palikuwa shule yetu ya kimataifa. Neno hilo lisikutishe. Watoto walitoka Kisii mjini, Suneka, Marani na vijiji vya Nyamira, na mgeni wetu wa pekee alikuwa mwalimu wa darasa, mama mmoja mrefu kutoka Uganda. Lakini Kiingereza kilikuwa cha kimataifa kweli. Ukivuka lango, Kiswahili chako na Ekegusii chako uliviacha nje, ukavichukua tena jioni. Tulijifunza majira manne ya mwaka, na majani yanavyogeuka mekundu yakaanguka, huku nje mvua ikipiga mabati kama kila alasiri. Sisi tulikuwa na majira mawili tu: mvua, na mvua inayokuja.

Nyumbani tulikuwa watu wa duka. Baba aliuza vitambaa karibu na msikiti, na wenyeji walituita Waswahili, ingawa bibi mzaa baba alizaliwa Suneka na aligombana kwa Ekegusii vizuri kuliko wao. Rafiki yangu wa darasani, yeye, alitoka Sironga. Wazazi wake walikuwa wauguzi Marekani. Karo ilitoka huko, na malezi yakatoka kwa magokoro, yaani nyanya yake, mama mfupi aliyechuma chai kwa vidole vyenye haraka na kusema bila haraka yoyote.

Tulikuwa tukibadilishana chakula cha mchana. Mimi nilileta mahamri na maharagwe ya nazi, yeye ndizi za kuponda na chinsaga, ile mboga chungu ambayo magokoro aliipika kwa maziwa mpaka uchungu wenyewe ukasalimu amri. Mpaka leo nikiisikia harufu yake sokoni, mate hunijaa. Mwaka wa sita nilipoanza kufunga Ramadhani nzima, rafiki yangu alihamia nyuma ya tangi la maji. Alikula huko peke yake, akanawa, akasukutua mdomo, ndipo akaja kuketi nami. Nilimwambia hakuna haja. Akasema, "Hata harufu ni chakula."

Kilichotufunga pamoja hasa kilikuwa jua. Watoto wengine hawakujali linazama saa ngapi. Mama zao waliwaita, wakaingia. Sisi wawili tulijua. Mimi nililingojea nifuturu. Yeye alikuwa Msabato, na kwao Sabato huingia jua likizama Ijumaa na kutoka likizama Jumamosi. Ijumaa nyumbani kwao ilikuwa mbio: chakula cha kesho kipikwe, maji yachotwe, viatu vipigwe rangi, kisha jua likazama na kazi zote zikalala. Sijaona nyumba tulivu kama ile.

Sasa ikaja Siku ya Mataifa. Kila mwaka wanafunzi wa darasa la sita waligawiwa nchi, wakavaa, wakaimba na kuzieleza kwa wageni. Mimi na rafiki yangu tulipewa Norwe. Tulisoma kitabu cha maktaba mpaka kurasa zikalegea, na tukagundua kwamba kaskazini ya nchi ile, miezi fulani, jua halizami kabisa. Tulicheka hadi tukashika matumbo. Tukatunga mazungumzo ya watu wawili, mmoja mwenyeji na mwingine mgeni anayengoja usiku usiofika. Huwezi kuyasema peke yako. Ukimtoa mmoja, hakuna kitu.

Nilikuwa na sababu ya kuyataka sana. Karatasi za rafiki yangu zilikuwa zimetoka. Likizo ikifika angepanda ndege kwenda kwa wazazi wake, na hilo ndilo jambo la mwisho ambalo tungefanya pamoja.

Kisha mwalimu mkuu akatangaza siku: Jumamosi, mchana, ndani ya Ramadhani. Wageni wake wangeweza kuja siku hiyo tu. Rafiki yangu alikunja bendera yetu ya karatasi, akaitia mfukoni.

Mwalimu wetu alipanda mpaka Sironga kuomba ruhusa, nasi tukimfuata nyuma. Magokoro alimpa kiti, akampa chai, akamsikiliza hadi mwisho. "Sabato si ya mimi, mwalimu," akasema. "Ingekuwa yangu, ningekupa." Mwalimu akauliza, je, akituweka mwisho kabisa, baada ya jua kuzama? Magokoro akaangalia nje, jua lilipo. "Hapo sikatazi. Nitamleta mimi mwenyewe mpaka kwa geti. Jua ndio itasema."

Ndiyo maana Jumamosi ile, wenzangu walipokuwa ndani ya ukumbi wakiwa Wachina na Wahindi, mimi nilitoka nikasimama langoni, chini ya kibanda cha mlinzi. Baba alikuwa pale na tende zake kwenye mfuko wa karatasi. Magokoro alikuja kwa miguu, na gauni la kanisa na kitambaa cheupe kichwani, amemshika mjukuu mkono. Baba akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akajibiwa, "Mzuri sana." Baba akaipokea hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba jua lenyewe halikuwepo. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima tangu saa tisa, na manyunyu hayakukoma. Baba akatoa ratiba ya msikiti, akatazama saa. Magokoro hakuitazama. Alikuwa akitazama ng'ambo ya barabara, kwa jirani wa shule, ambako kuku walikuwa wakiparua chini ya mparachichi.

"Hiyo kuku ikipanda, jua imezama," akasema.

"Mvua haiwezi kuwadanganya, mama?" baba akauliza kwa adabu.

"Kuku ya mvua inaingia chini ya ghala. Kuku ya jioni inapanda."

Tukangoja. Rafiki yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama Brazili wamemaliza, nikamwambia ndio wanaingia. Baada ya Brazili ilikuwa zamu yetu, na baada yetu hapakuwa na kitu ila wimbo wa taifa. Baba akataka kujua tumepewa nchi gani, tukaeleza habari za jua lisilozama. Magokoro akageuka kabisa.

"Sasa hao wanatoka Sabato saa ngapi?"

"Na mimi nawaza hivyo hivyo," baba akasema. "Wanafuturu lini?"

Waliwaonea Wanorwe huruma pale langoni, wazee wawili ambao hawakuwahi kuzungumza, kama watu waliosikia msiba wa jirani. Wakati huo majike ya kuku yalikuwa yameanza kupanda, moja baada ya jingine. Akabaki jogoo mwekundu, anazunguka, anaparua, hana habari. Makofi ya Brazili yakavuma kutoka ukumbini.

Saa ya baba ikafika. Akasema bismillahi, akala tende, akanipa yangu. "Kula, mwanangu, haifai kuchelewesha." Nikang'ata nusu, na nusu nikaifumbata, kwa sababu rafiki yangu alikuwa bado. Yeye hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama jogoo. Nikaogopa kwamba magokoro atasimama pale mpaka watu waende nyumbani. Ndani, mwalimu wetu alikuwa akiwaimbisha wageni wimbo wa Kiganda wasioujua, tulisikia wanavyokosea. Alikuwa anatununulia muda.

Jogoo akajikung'uta maji. Akarukia tawi la kwanza, akarukia la pili, akatulia.

Magokoro aliinamisha kichwa, akaomba maombi mafupi ya kuiaga Sabato, na baba akavua kofia yake, sijui kwa nini, labda kwa heshima tu. Kisha mama yule akatusukuma mgongoni sote wawili. "Kuku imepanda. Endeni."

Tulikimbia. Nilimpa ile nusu ya tende njiani, akaimeza bila kutafuna. Watu walicheka pale tulipotaka wacheke, na mahali pamoja rafiki yangu alisahau maneno nikamnong'onezea. Nilipotupa macho mlangoni, niliwaona wazee wetu wamesimama wameloa, wanapiga makofi kwa Kiingereza wasichokifuata.

Alisafiri likizo ilipofika. Shule ilifungwa miaka michache baadaye, mwalimu akarudi kwao. Baba alitangulia, duka nikalirithi mimi, na mwaka juzi magokoro naye akazikwa kati ya chai yake, mjukuu wake akitazama kwenye simu. Rafiki yangu sasa ni muuguzi kama mama yake. Hospitali yake haijui Sabato; Jumamosi nyingi yuko zamu. Kwa hiyo hunipigia simu. Huko kwake ni asubuhi, huku ni jioni, naye huifunga Sabato kwa jua la Sironga, ndipo aingie kazini. Salamu yake ni moja, na jibu langu ni moja.

Simu ililia nikiwa pale langoni. "Kuku wamepanda?" akauliza, na nyuma yake nikasikia mtu anaita muuguzi.

Nikatazama ng'ambo. Kwa jirani pamejengwa gorofa, nguo zimeanikwa kila roshani. Mparachichi ulikatwa zamani, na kuku hakuna hata mmoja. Juu ya vilima, mawingu.

"Wamepanda," nikamwambia. "Hata yule jogoo. Nenda."