Kipimo cha Pili cha Moyo

Nilipaswa kumkatalia kaka yangu mkubwa siku ile aliposema mke wangu asirudishwe hospitalini kupimwa moyo mara ya pili. Niliinamisha kichwa, nikajibu, "Sawa, kaka."

Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa kukaza ngozi. Asubuhi, baridi ya Masisi iliposhuka, vidole vyake viligeuka vyeupe na vigumu, hata kumenya viazi kukamshinda. Kisha pumzi ikaanza kumkatika akipanda mlima kwenda shambani. Daktari alimpima moyo kwa mashine ya picha, akanieleza kwamba ugonjwa umefika kwenye mishipa ya mapafu. Presha humo imepanda, na upande wa kulia wa moyo umevimba kwa kusukuma.

"Mrudishe baada ya miezi mitatu," alisema. "Tukilinganisha picha mbili, tutajua kama dawa hizi zinatosha ao muda wake ni mfupi."

Tangu hapo nilikuwa nikiitazama kila usiku karatasi ya majibu aliyonipa.

Kwetu mume haamui peke yake juu ya ugonjwa mzito. Wakubwa wa ukoo hukaa kikao. Siku tulipokaa, kaka aliikunja karatasi bila kuisoma.

"Mashine inatabiri kufa ya muntu? Iyo haiko hospitali, iyo ni bulozi, kazi ya wachawi. Muntu iko muzima, munamutafutia siku yake?"

Wengine walicheka. Mimi nilipata nafuu. Woga wangu ulikuwa umepewa ruhusa.

Mke wangu hakucheka. Alinigeukia mimi. "Papa, miye njo mugonjwa, lakini weye njo unatetemeka. Twende wanipime. Kama siku zimebaki kidogo, tuite binti yetu kule Mubi. Niko na maneno ya kumwambia."

"Siku iko mingi, Mama," nilimjibu. " Tutaenda kiisha mavuno ya maharagi."

Njiani kuelekea shambani kuna mawe matatu ya kupumzikia. Mwanzoni alikaa kwenye la tatu tu. Baadaye alikaa kwenye yote, miguu imevimba, midomo imegeuka rangi. Nilianza kutangulia mbele ili nisisikie anavyohema. Mwezi wa tatu ulipita, wa nne pia.

Asubuhi moja alikaa kwenye jiwe la kwanza, akasema, "Tangulia, Papa, nakuja." Nilitangulia. Nilipalilia mstari mmoja, wa pili, huku nikiogopa kugeuka. Niliporudi alikuwa ameegemea ukingo wa njia, jembe mapajani, na hakuwa akipumua tena.

Binti yetu alifika kutoka Mubi tumekwisha kuzika. Nilimpa ile karatasi. Aliisoma yote.

"Papa, mulijua?"

"Nilijua."

Sijui kama dawa nyingine ingemwokoa. Ila kipimo kile kingetuambia tumwite binti mapema. Mke wangu alikufa peke yake njiani, na maneno yake hayakumfikia mtoto wake wa pekee. Mtoto huyo sasa hapokei simu yangu.