Mama mkwe alipoikuta sebule yetu ya Kiingereza pale Voi, nusura arudi na treni

Wakuu, shikamooni wakubwa, marahaba vijana. Mimi ni nyanya wa umri mkubwa, kwa hivyo typing errors mnivumilie. Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, sikuhadithiwa.

Miaka ya hamsini nilikuwa bibi arusi mpya, tukikaa kwa nyumba za reli Voi. Mume wangu Mwadime alikuwa karani pale stesheni.

Siku moja alitumwa kwa bosi wake Mzungu, akachungulia sitting room. Wee! Alirudi kama mtu aliyeokoka.

"Waingereza wa siku hizi hawajazi vitu," akaniambia. "Nafasi ndiyo urembo."

Akatafuta fundi kule Mwatate amchongee viti vya modern style: vifupi, miguu myembamba imetanuka kama ya ndama aliyezaliwa leo. Ukuta mmoja akaupaka manjano, ile ya papai lililoiva. Pazia likawa la pembetatu nyeusi na nyekundu.

Kisha akaanza kutoa. Vitambaa nilivyofuma, nje. Kalenda, nje. Hata picha ya marehemu baba yake, iliyokuwa imebanana na kalenda ukutani, ikaenda chini ya kitanda.

Sikubisha. Mawazo yangu yalikuwa kwingine. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na hii ya tatu nesi alinikataza kabisa kubeba maji wala kuni. Mama mkwe ndiye alikuwa aje kukaa nami. Mama yangu mzazi alishafariki.

Akaja na treni kutoka Mwatate, kikapu kichwani. Akasimama mlangoni.

"Mwadime, mmehama?"

"La, Mama. Ni sebule ya kisasa. Karibu."

Akazungusha macho ukuta hadi ukuta.

"Baba yako yuko wapi?"

Mwadime akatazama viatu vyake.

"Nimeuliza, umemweka wapi?"

"Chini ya kitanda, Mama."

Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Alijitwika kikapu chake tena, akageuka kuelekea stesheni.

Wakuu, nilisahau heshima zote za ukwe. Nilimshika mkono nikalia. "Mama, usiniache. Hivi viti ni vya mtoto wako. Mimi nakutaka wewe tu."

Akaangalia tumbo langu. Miguu ikasimama.

Mwadime akakimbia ndani. Tukasikia nyundo. Tulipoingia, picha ya mzee ilikuwa katikati ya ule ukuta wa manjano, peke yake, hakuna kingine.

Mama mkwe akaitazama sana.

"Kumbe alikuwa mzuri hivi," akasema polepole. "Kule kwa kalenda alikuwa amebanwa."

Akatua kikapu. Akaketi, kiti kikammeza, magoti yakafika karibu na kidevu. "Nani ataniinua hapa?" Tulicheka mpaka nikashika kiuno.

Hiyo pumzi niliyoshusha siku ile, naikumbuka mpaka leo.

Alibaki. Alichota maji, alinipikia, alinifukuza jikoni kila nikijaribu kushika sufuria. Binti yangu alizaliwa akiwa mzima, analia kwa nguvu, na mikono ya kwanza kumpokea kutoka kwa mkunga ilikuwa ya bibi yake.

Funzo langu ni hili: pambeni nyumba mpendavyo, hata Kiingereza, lakini kabla ya kutoa kitu ulizeni ni cha nani moyoni.

Haya, nanyi semeni: mlipobadilisha sebule, ni nini mlitoa kikawaletea kesi?