Moyo wa mtu aliyelala

Madaktari bingwa wa moyo walipofika Mpanda, nami nilipanga foleni ya ultrasaundi. Chumba kilizibwa kwa pazia tu, kwa hiyo sisi wa kwenye benchi tulisikia yote.

Ndani alikuwa mama mkulima wa Kakese. Tangu augue korona, akishika jembe tu moyo unamwenda mbio na pumzi zinakata. Mumewe alimsindikiza.

"Moyo unapiga vizuri, mama," daktari alisema. "Hatujaona tatizo."

"Si nilisema!" mume akadakia. "Mvua zimeanza, mwenzangu analala tu."

Mama akajibu taratibu, kama anayebana matumizi ya pumzi: "Dokta, umenilaza, umenipaka mafuta ya baridi, umeniambia nitulie. Nikitulia siumwi. Huo uliouona ni moyo wa mtu aliyelala. Ungekuja kuupima shambani."

Daktari hakubisha. "Baba," akamgeukia mume, "kipimo hakijasema mkeo anadanganya. Korona imewaacha wengine hivi, picha nzuri, nguvu hakuna. Awe anapumzika kabla hajachoka."

Mume akatoka na kumpigia mama yake simu mbele yetu. "Wamesema mzima, mama. Mzima kabisa." Mkewe akapita nyuma yake, akijishikiza ukutani.

Mimi tangu korona ngazi za ofisini nazipanda kwa awamu, na wenzangu wanasema ni uzee. Nilipoitwa, nikalala chali, nikatulia kuliko nilivyowahi kutulia wiki nzima.

Nami nikakutwa mzima.